Duka lenye jina kubwa: hesabu za kupiga kabla ya kusaini mkataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niwaandikie wasomaji wenye kiinua mgongo, akiba ya miaka mingi au mkopo ulioidhinishwa, ambao wanafikiria kununua duka la franchaizi. Nazungumzia yale maduka madogo ya mahitaji ya kila siku, yanayofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane au yasiyofungwa kabisa. Mwendeshaji ni mtu binafsi, lakini jina, rangi, mpangilio wa rafu, mashine za mauzo na sehemu kubwa ya bidhaa ni za kampuni. Ni biashara halali, na wapo wanaoishi vizuri kwayo. Shida ni kwamba watu wengi huamua kwa kuangalia umaarufu wa jina na ukubwa wa mauzo, na mambo hayo mawili hayakuambii mwenye duka atabaki na nini mkononi.

Tarakimu ya kuanzia ni faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya kununulia bidhaa zilizouzwa. Tuchukue duka ambalo katika kila mauzo ya 100, bidhaa zenyewe zimenunuliwa kwa 72. Faida ghafi ni 28. Kampuni inadai mrabaha, yaani ada ya kutumia jina na mfumo wake, wa asilimia 6 ya mauzo na mchango wa matangazo wa asilimia 2. Ukisoma kwenye mkataba, asilimia 8 inaonekana kitu kidogo. Lakini ile 72 ni mali ya wauzaji wa jumla tangu mwanzo, kwa hiyo 8 ya kampuni haina pengine pa kutoka ila kwenye 28. Ni zaidi ya robo ya faida ghafi yote. Inabaki 20.

Humo kwenye 20 toa mishahara 8, pango 4, umeme 2.5, bidhaa zilizoharibika, zilizopitwa na muda au zilizoibwa 2, ada za kadi na benki 0.8, kisha matengenezo, bima, usafi na mhasibu 1.2. Jumla ni 18.5. Kinachobaki ni 1.5 katika kila 100, na humo ndimo yanamotoka marejesho ya mkopo, kodi ya mapato na riziki ya mwenye duka. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mtu aweke za kwake, lakini afuate mpangilio huohuo, na asiruke mstari hata mmoja.

Baada ya hapo itikise hesabu. Mauzo yakishuka kutoka 100 hadi 90, faida ghafi inakuwa 25.2, kampuni inachukua 7.2, na unabaki na 18. Mishahara, pango, umeme na matengenezo havishuki eti kwa sababu wateja wamepungua. Vinakaa palepale kwenye 15.7. Uharibifu na ada za kadi vinashuka kidogo hadi 2.5. Jumla ni 18.2, na duka limeingia kwenye hasara. Jaribu na upande wa pili: mauzo yamebaki 100, ila duka jirani limeshusha bei nawe ukalazimika kufuata, faida ghafi ikawa 26 badala ya 28. Umepata hasara ya 0.5. Sasa tazama upande wa kampuni. Katika tukio la kwanza imepungukiwa na 0.8 tu. Katika la pili haikupoteza chochote, kwa maana mrabaha unakokotolewa kwenye mauzo, nayo hayakubadilika. Mteremko mdogo unaomfilisi mwendeshaji hauigusi kampuni, na mwendeshaji asiyelifahamu hili atashangaa kwa nini ofisi ya kampuni inamshauri kila siku aongeze mauzo hata kwa kupunguza bei.

Ndani ya hesabu hiyo kuna mtego mwingine, nao ni bidhaa zenye faida nyembamba. Sigara, vocha za simu, malipo ya bili, tiketi za bahati nasibu na mafuta, pale duka linapoambatana na kituo cha mafuta, huvimbisha mauzo huku vikiacha faida kiduchu. Kitu chenye faida ghafi ya 6 katika 100 kikitozwa mrabaha na mchango wa jumla ya 8, kila ukikiuza umepoteza 2 kabla hujalipa hata taa. Kwa huduma za malipo ni mbaya zaidi iwapo mkataba unahesabu kiasi chote alichotoa mteja kama mauzo yako, wakati chako ni kamisheni tu. Tafuta maana ya neno "mauzo" kwenye ukurasa wa tafsiri wa mkataba. Vitu hivyo vinapaswa kuondolewa humo kwa majina, au vihesabiwe kwa kamisheni. Ukikuta maneno "mapato yote yanayopita kwenye mashine ya mauzo", usisaini kabla hayajarekebishwa.

Ipo mifumo isiyotoza mrabaha kwenye mauzo, bali kampuni na mwendeshaji hugawana faida ghafi. Ndivyo mtandao wa maduka wa 7-Eleven unavyofanya Marekani na Japani. Katika mfumo huo mara nyingi kampuni ndiyo inayolipia pango na vifaa vikubwa. Ikichukua nusu ya 28 ya mfano wetu, unabaki na 14 na huna pango la kulipa. Katika mfumo wa mrabaha, ukishalipa pango ulibaki na 16. Tofauti ya 2 ndiyo bei unayolipa kwa kutonunua majokofu, rafu na mashine kwa fedha zako. Hapo hesabu ni nyepesi: kama marejesho ya mkopo wa vifaa yangezidi asilimia 2 ya mauzo kila mwezi, mgawanyo ni nafuu, kama yangekuwa chini ya hapo, mrabaha ni nafuu. Tena mgawanyo una heri moja, kwamba faida ghafi ikishuka na kampuni nayo inaumia.

Ila ulizeni kwa ukali: faida ghafi hiyo inakokotolewaje? Hili ndilo lililowaumiza waendeshaji wengi Japani, na inafaa kulifuata hatua kwa hatua. Chukua vyakula 10 vya siku moja, kila kimoja kimenunuliwa kwa 70 na kinauzwa 100. Vinane vimeuzwa, viwili vimetupwa. Kwa uhasibu wa kawaida mauzo ni 800, manunuzi 700, faida ghafi 100, kila upande unapata 50. Kwa uhasibu unaotumika katika maduka hayo, gharama ya vilivyotupwa haimo kwenye gharama ya mauzo. Mauzo ni 800, gharama ya vile vinane ni 560, na "faida ghafi" inakuwa 240. Kampuni inachukua 120. Mwendeshaji naye anapata 120, kisha anabeba peke yake 140 ya viwili vilivyotupwa. Mwisho wa siku ana hasara ya 20 wakati kampuni ina 120.

Sasa tuseme mwendeshaji angeruhusiwa kuviuza vile viwili jioni kwa nusu bei, 50 kila kimoja. Mauzo yangekuwa 900, gharama 700, faida ghafi 200, kila mmoja 100. Kampuni ingepungukiwa na 20, mwendeshaji angetoka kwenye hasara ya 20 hadi faida ya 100. Maslahi ya pande mbili yanapishana mahali hapo hasa. Mwaka 2009 Tume ya Ushindani wa Haki ya Japani iliiamuru Seven-Eleven Japan iache kuwazuia waendeshaji kupunguza bei ya vyakula vinavyokaribia kuisha muda, na baada ya amri hiyo kampuni ikakubali kubeba asilimia 15 ya gharama ya vyakula vilivyotupwa. Kwa hiyo yapo mambo matatu ya kutafuta kwenye mkataba wowote wa mgawanyo: nani anabeba kilichotupwa, nani anabeba upungufu unaoonekana stoo inapohesabiwa, na kama mwendeshaji ana uhuru wa kushusha bei bila kuomba ruhusa. Nambari ya mgawanyo, iwe nusu kwa nusu au vinginevyo, haina maana mpaka hayo matatu yajulikane.

Katika mifumo mingi ya mgawanyo mauzo ya kila siku huwekwa kwenye akaunti ya kampuni, kampuni inawalipa wauzaji wa jumla, inakata chake, kisha inamrudishia mwendeshaji kilichobaki. Upungufu unageuka deni lenye riba, na linaongezeka kimyakimya kwenye taarifa za mwezi. Omba nakala ya taarifa ya mwezi ya duka halisi, majina yakiwa yamefutwa, uisome mstari kwa mstari pamoja na mhasibu wako kabla ya kuamua.

Nije kwenye swali ambalo wauzaji wa franchaizi hawalipendi: jina hilo linaleta nini ambacho duka lako mwenyewe lisingeleta? Swali hili lina jibu la hesabu. Duka huru lenye faida ghafi ya 28 linabaki na 28. Duka la franchaizi linabaki na 20. Ili ya pili ilingane na ya kwanza, mauzo yake lazima yawe mara 1.4, yaani asilimia 40 zaidi, mahali palepale na kwa saa zilezile. Ni mzigo mkubwa kwa jina peke yake kuubeba. Lakini kama kampuni inanunua kwa wingi kiasi kwamba faida ghafi yako inapanda kutoka 28 hadi 32, unabaki na 24, na nyongeza ya mauzo inayohitajika inashuka hadi karibu asilimia 17. Kwa maoni yangu nguvu ya manunuzi ina uzito zaidi ya bango la nje, nayo inapimika. Orodhesha bidhaa 30 zinazotoka haraka zaidi, chukua bei ya ghala la kampuni ikiwa na usafiri ndani yake, na bei ya muuzaji wa jumla wa kawaida, uziweke bega kwa bega. Ukikuta ghala la kampuni ni ghali, uliza kama wauzaji wanailipa kampuni bakshishi ya manunuzi (sehemu ya bei wanayoirudishia kampuni kwa kununua kwao) na kama sehemu yake inamfikia mwendeshaji. Uliza pia kiwango cha chini cha oda. Duka dogo likilazimishwa kuchukua katoni nzima ya kitu kinachouzwa vipande vitatu kwa wiki, faida ya katoni hiyo itaishia kwenye pipa la taka.

Upande wa saa za kazi ndiko wengi wanakojidanganya. Maduka haya huuza muda. 7-Eleven ilipochukua jina lake mwaka 1946 ilikuwa ikitangaza saa zake, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku (7 na 11 kwa saa za Kiingereza), na sasa mikataba mingi inataka saa 24. Wiki ina saa 168. Nafasi moja ya kaunta, mtu akifanya saa 45 kwa wiki, inahitaji watu 3.7. Ongeza mtu wa pili kwa saa 8 za msongamano kila siku, zinakuwa saa 224. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya likizo, ugonjwa na wanaoacha kazi bila taarifa: saa 246. Wafanyakazi watano wanatoa 225. Saa 21 zilizobaki kila wiki atazifanya mwenye duka, na juu yake kuna oda, kupokea mizigo, kuhesabu fedha, benki na mahesabu. Majedwali ya matangazo huziweka saa hizo kama bure. Zihesabu kwa mshahara ambao ungemlipa meneja, uutoe kwenye faida. Ikiwa kinachobaki ni sifuri au chini yake, ujue kwamba fedha uliyoweka haizalishi kitu. Ulichonunua ni ajira.

Kuhusu usiku, kanuni ni kupima gharama ya nyongeza tu. Majokofu yanazunguka hata duka likiwa limefungwa, kwa hiyo gharama halisi ya saa ya usiku ni mshahara, ulinzi na taa. Ukibaki na 20 katika kila 100 baada ya mrabaha, saa hiyo lazima iuze angalau mara tano ya gharama yake ndipo ijilipe. Ukibaki na 14, ni zaidi ya mara saba. Kama saa nane usiku hadi kumi na moja hazifiki hapo, unataka haki ya kufunga, na haki hiyo ni lazima iwe kwenye maandishi. Februari 2019 mwendeshaji mmoja wa duka la Seven-Eleven huko Higashi-Osaka, Japani, alifupisha saa kutoka 24 hadi 19 kwa kukosa wafanyakazi. Mgogoro ulifika nchi nzima. Mwisho wa mwaka huo kampuni iliuvunja mkataba ikitaja malalamiko ya wateja, na mwaka 2022 mahakama ya Osaka ikaipa kampuni ushindi. Ahadi ya mdomo ya afisa masoko kwamba "tutaelewana kuhusu usiku" haitamsaidia mtu mbele ya hakimu.

Sasa nyaraka. Marekani, Kanuni ya Franchaizi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inamlazimu muuzaji kumpa mnunuzi waraka wa taarifa wenye vipengele 23, siku 14 kamili kabla ya kusaini au kulipa chochote. Afrika Kusini, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008, mnunuzi anapewa waraka siku 14 kabla, na akishasaini ana siku 10 za kazi za kuvunja mkataba kwa maandishi bila adhabu. Penye sheria za namna hii, zitumie. Pasipo na sheria, hakuna kinachokuzuia kuomba mambo yaleyale kwa barua, na jinsi kampuni itakavyojibu itakuonyesha mengi.

Katika waraka wa Marekani, ambao ni kiolezo kizuri popote, anayeamua anaweza kuanza na sehemu nne. Kipengele cha 7 kinataja gharama zote za kuanzia, za chini na za juu. Panga bajeti yako kwa za juu. Kipengele cha 19 ni mahali ambapo kampuni, ikipenda, inataja mapato ya maduka yake. Hailazimiki, na isipotaja humo, muuzaji haruhusiwi kukunong'oneza tarakimu pembeni. Ikitaja, uliza kama wastani huo umechanganya maduka ya kampuni yenyewe, yenye vituo vya mafuta, na yaliyodumu zaidi ya mwaka mmoja, kisha uliza ni maduka mangapi yalifika kwenye wastani huo. Maduka machache makubwa yanaweza kuuvuta juu mpaka zaidi ya nusu ya waendeshaji wawe chini yake. Kipengele cha 21 ni mahesabu yaliyokaguliwa. Kampuni inayopata fedha zake nyingi kutokana na ada za kuingilia kuliko mrabaha inaishi kwa kuuza maduka mapya, wala haitegemei waliopo kufanikiwa.

Cha 20 ndicho ningekisoma kwanza. Kina hesabu ya maduka ya miaka mitatu: yaliyofunguliwa, yaliyofungwa, yaliyochukuliwa na kampuni, na yaliyohamishwa kutoka mwendeshaji mmoja kwenda mwingine. Jumlisha yote yaliyotoka mikononi mwa wenyewe kwa mwaka, pamoja na yaliyohamishwa, ugawanye kwa idadi ya mwanzo wa mwaka. Usiruke yaliyohamishwa. Duka linaloshindwa mara nyingi halifungwi. Linauzwa kwa mtu mwingine mwenye matumaini, na kwenye takwimu za kampuni linaonekana bado lipo wazi. Kipengele hicho pia kina majina ya waliopo na waliotoka katika mwaka uliopita. Wapigie simu, na uwachague mwenyewe, si wale watatu utakaopewa na kampuni. Tafuta walio kwenye mwaka wa pili na wa tatu, kwani wa mwaka wa kwanza bado wana matumaini na wa miaka kumi waliingia kwa masharti mengine. Uliza mauzo ya mwezi wa 12 tangu kufungua yalikuwa nini yakilinganishwa na makadirio waliyopewa, lini walianza kujilipa mshahara, bajeti ya kufungulia ilizidi kwa kiasi gani, na nani alilipia upungufu wa stoo. Aliyetoka atakujibu kwa uwazi zaidi, isipokuwa amefungwa na makubaliano ya kutosema. Nayo hiyo ni taarifa.

Mahali pa duka hapapimwi kwa macho. Kaa mbele ya eneo siku ya kazi na siku ya mapumziko, wiki ya mishahara na wiki kavu, asubuhi, mchana na usiku, uhesabu wanaopita kwa miguu upande uleule wa barabara, kisha wanaoingia kwenye maduka yaliyopo. Kwa duka ambalo tayari linafanya kazi ipo njia rahisi ya kujua idadi ya wateja: nunua kitu kidogo mara linapofunguliwa na kingine karibu na kufunga, kwenye kaunta ileile. Tofauti ya namba za risiti ni idadi ya miamala ya siku. Angalia tu kama kila mashine ina mfululizo wake. Zidisha miamala kwa wastani wa kila kikapu na utaona kama mauzo uliyotajiwa yanawezekana.

Anayenunua duka lililokwisha kufunguliwa ana faida ya kuwa na historia ya kukagua, basi na aikague. Ankara za wauzaji wa jumla hazidanganyi kirahisi kama daftari la mauzo. Ikiwa manunuzi ya mwezi ni 72, bidhaa stoo hazikuongezeka wala kupungua, na muuzaji anadai mauzo ya 120, anasema faida ghafi yake ni 40 katika kila mauzo ya 100, yaani gharama ya bidhaa ni 60. Kama kampuni hiyohiyo inataja 28, mauzo halisi ni karibu 100. Ama tarakimu imevimbishwa, ama kuna bidhaa zinazoingia kwa mlango wa nyuma nje ya ankara, na hilo la pili ni kosa la mkataba utakalolirithi. Linganisha pia na ritani za kodi za miaka mitatu, bili za umeme na orodha ya mishahara.

Siku ya makabidhiano stoo ihesabiwe na watu wasio wa muuzaji wala wa kampuni, kwa bei ya kununulia, na vilivyopitwa na muda viondolewe kwenye bei. Kagua majokofu kabla ya siku hiyo: umri wa kompresa (pampu ya gesi ya kupoozea), mipira ya milango, vumbi kwenye kondensa (mabomba yanayotoa joto nje), rekodi za fundi. Friza lazima ishike nyuzi 18 chini ya sifuri hata mchana wa joto huku mlango ukifunguliwa kila dakika. Kompresa iliyochoka hufa wakati wa joto kali, na inakufa na bidhaa zote zilizomo. Makabati yasiyo na milango hula umeme zaidi ya yenye vioo; kwenye duka la saa 24 tofauti hiyo inaonekana kwenye bili ya mwezi wa kwanza. Uliza pia kipengele cha ukarabati: mikataba mingi inamlazimu mwendeshaji kulipendezesha duka upya kila baada ya miaka kadhaa kwa mwonekano mpya wa kampuni. Kama muda huo unafika mwaka ujao, gharama yake ni sehemu ya bei, na ndiyo sababu mojawapo ya watu kuuza.

Mtaji wa kuendeshea uwe fedha taslimu ya kutosha gharama zisizobadilika za miezi sita, mbali na bidhaa za kufungulia. Sina zaidi la kusema hapo. Asiye nazo asubiri.

Weka vipindi vitatu mezani: cha mkopo, cha pango na cha franchaizi. Mkopo uishe kwanza, na pango lisiishe kabla ya franchaizi. Mkopo wa miaka saba juu ya pango la miaka mitatu ni hatari tupu, kwa sababu mwenye nyumba ataongeza kodi wakati bado unadaiwa na huwezi kuhama na jina. Na kama pango liko kwa jina la kampuni, nawe umepangishwa na kampuni hiyo, basi siku franchaizi inapokwisha unapoteza jina na mahali kwa pamoja. Uliza kuhusu eneo la ulinzi: kampuni inaweza kufungua duka lingine umbali gani kutoka kwako, na je, wateja wanaoagiza kwa simu ndani ya eneo lako wanahesabiwa kuwa wako? Bila maandishi, jibu ni kwamba huna eneo.

Wakili asome kwa makini zaidi sehemu ya kutoka kuliko ya kuingia. Kampuni ikiwa na haki ya kwanza ya kununua, mnunuzi wako atasubiri wiki nyingi na huenda akachoka. Ada ya kuhamisha, masharti ya mnunuzi kupitishwa na kufundishwa upya, katazo la kufanya biashara inayofanana kwa miaka kadhaa katika eneo fulani, na fidia ya kuvunja mkataba inayokokotolewa kwa mrabaha wa miezi iliyobaki, yote hayo yana tarakimu. Zijumlishe kwenye karatasi moja uone kutoka mwaka wa tatu kunagharimu kiasi gani. Kuhusu dhamana binafsi, kufungua kampuni yenye dhima yenye ukomo hakukulindi iwapo umesaini dhamana kwa jina lako; omba iwekewe kikomo cha fedha na cha muda, na mume au mke asisaini kama nyumba ni ya familia. Hatimaye tazama kinachotokea mwendeshaji akifariki au akiugua asiweze kazi. Mikataba mingine inawapa warithi muda mfupi sana wa kumpata mwendeshaji anayekubalika, la sivyo duka linarudi kwa kampuni. Omba miezi sita, na katika muda huo meneja aliyepo aruhusiwe kuendesha duka kwa niaba ya familia, na mrabaha usiongezwe kwa usimamizi wa kampuni. Ni sharti ambalo kampuni nyingi hukubali likiombwa kabla ya saini.

Wako,
Mhasibu wa biashara za rejareja